Kati ya Bendera Mbili: Wasifu wa Marehemu Rhoda Siqiniq Uyagak (1946–2019)

Ndugu, majirani, na wageni wetu mliotoka kusini, asanteni kwa kuja. Maneno haya ni yangu mimi Wyman, mume wa marehemu. Sikwenda shule. Nimeyasema, mjukuu wetu Alda ameyaandika, na ndiye anayewasomea. Mkisikia yanakatikakatika, si kosa lake. Ndivyo ninavyozungumza. Mwishoni nina jambo la kuwaomba, na ni la leo hii, kabla hatujafika kaburini. Kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho.

Marehemu Rhoda alizaliwa tarehe 11 Machi 1946 kwenye kambi ya ukoo wa Anagik, mdomoni mwa mto Kuugruk, hemani, baridi ikiwa kali. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Silas Anagik na mama Dora. Kaka yake Luther alimtangulia. Walimpa jina la Siqiniq, yaani jua, kwa sababu bibi yake mwenye jina hilo alikuwa amefariki majira yale yale. Kwetu jina likirudi, mtu amerudi. Basi mzee Silas alimwita binti yake "mama" mpaka siku anakufa. Akimkosea humwambia, "Nisamehe, mama." Mtoto wa miaka mitano. Naye alikuwa akimsamehe kwa heshima zote, kama mtu mzima.

Alisoma hapa kijijini Nuvugak mpaka darasa la nane. Mwaka 1960 alipandishwa ndege pamoja na wenzake, akapelekwa shule ya bweni kusini, kwenye misitu. Huko alipata shida ya usingizi. Si kwa ajili ya chakula, ingawa chakula chao hakina mafuta. Alisema miti inaficha upepo. Unasikia kelele juu, lakini hujui upepo unatoka wapi, na mtu asiyejua upepo unatoka wapi analalaje? Mwaka 1962 mama yake aliugua, akarudi kumuuguza. Hakwenda tena.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Juni 1966 katika kanisa hili hili. Nilipokwenda kumposa aliniambia, "Wyman, wewe husemi."

Nikamwambia, "Tukioana nitasema."

"Usinidanganye bwana. Nyamaza tu, nimekubali."

Mungu alitupa watoto wawili, Enoch na Lena. Mwaka 1972 nilirithi mtumbwi wa ngozi wa baba yangu, nikawa nahodha wa nyangumi, na Rhoda akawa mke wa nahodha. Wageni wasiojua, hiyo si sifa ya kupamba jina. Ni kazi. Wanaume wakiwa kwenye barafu, mke wa nahodha hutulia nyumbani. Hakimbii, hapigi kelele, hagombani, hashiki kisu kwa hasira. Nyangumi hujitoa kwa nyumba ya mwanamke mtulivu na mkarimu. Wazee wetu waliliamini hilo, na mimi ninaliamini.

Mwaka 1974 watu wa hewa, yaani wataalamu wa kuipima hewa ya dunia, walijenga kibanda chao pale Ncha, mwisho wa ardhi, mbali na moshi wa kijiji. Walitafuta mtu wa kukitunza. Wanaume waliokwenda kujaribu waliacha mmoja mmoja. Kazi ilikuwa ya kutembea, na haikuwa na nyama. Rhoda akaenda, akabaki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashine ya theluji anayoipanda inaachwa mbali, upande unakokwenda upepo. Anafika kwa miguu juu ya njia ya mbao. Anatazama uzi mwekundu uliofungwa kwenye fimbo, ajue upepo unatoka wapi. Anasimama, uso kwa upepo. Anavuta pumzi, anaizuia. Ananyoosha mkono, anafungua chupa ya kioo juu ya kichwa, hewa inaingia, anaifunga. Anaondoka pale. Akishakuwa mbali ndipo anapumua. Maana pumzi ya mtu imejaa hewa ya ukaa. Ukipumua karibu na chupa, umejipima mwenyewe, hujaupima ulimwengu. Chupa zilisafirishwa kwa ndege. Ndani ya kibanda kulikuwa na mashine nyingine zilizovuta hewa kwa bomba mchana na usiku, zikichora mstari.

Nilimuuliza, "Mnapimaje kitu kisichoonekana?"

Akasema, "Na wewe nyangumi unamwonaje kabla hajapumua?"

Alinieleza kidogo kidogo, miaka na miaka. Majira ya baridi hewa ya ukaa hupanda. Kiangazi hushuka, kwa sababu majani ya huko kwenu kusini yanaivuta. Alisema dunia nzima huvuta pumzi moja kwa mwaka, na hapa kwetu ndipo inaposikika vizuri, kwa kuwa hakuna wa kuiingilia. Halafu kuna hiyo gesi ya ozoni. Jua likirudi baada ya giza la baridi, ozoni ya karibu na barafu hutoweka, kana kwamba mtu amekuja kuifuta, halafu hurudi. Hutokea majira ya kuchipua peke yake. Ndiyo maana majira hayo Rhoda hakutaka utani. Na ndiyo majira yetu ya nyangumi.

Hapo palikuwa na ugomvi, nisiufiche. Njia fupi ya kwenda kwenye barafu inapita mbele ya bomba lake, upande unakotoka upepo safi. Alisimama njiani akiwageuza manahodha na mashine zao. "Zungukeni!" Wakamwita Askari wa Upepo. Harvey, mpwa wake, alikuwa akipiga honi kabisa akipita, ili amuudhi. Wanawake nao walisema mke wa nahodha anazurura na vichupa badala ya kukaa, siku moja tutayaona. Hata mimi nilizunguka kama wenzangu. Nyumbani nahodha hakuwa mimi.

Sasa niseme habari ya mwaka 1991. Wengi wenu mlikuwepo. Waliozaliwa baadaye wasikie.

Mwaka uliotangulia mashine za kibandani ziliharibika, na majira ya kuchipua yote yakapotea. Mkubwa wa watu wa hewa, Bwana Halvorsen, akapiga simu mwezi wa Aprili. Rhoda aliniambia maneno yake jioni ile tukila. "Amesema wakubwa wake wamechoka. Mwaka huu ukipata doa tena, kibanda kinafungwa. Amesema, Rhoda, mpaka ozoni irudi, hata kiberiti kisiwashwe upande ule."

Nikamwambia, "Hakitawashwa."

Tarehe 3 Mei tulikuwa kambini juu ya barafu, kwenye ukingo wa maji. Watu saba. Mimi, Luther mrusha chusa, mwanangu Enoch, na wenzetu wanne. Yaani kaka yake Rhoda, mumewe na mwanawe, wote kwenye barafu moja. Upepo ulitoka nchi kavu, si mkali. Tulikuwa tunakunywa chai. Barafu ikalia nyuma yetu, mlio mrefu wa chini. Luther akaweka kikombe. Tulipofika nyuma ya hema, maji yalikuwa yameshapita katikati yetu na nchi, na yanapanuka.

Tukauvuta mtumbwi mpaka ukingo wa upande wa nchi. Kabla hatujaushusha ukungu ukaja. Ulikuja kama mlango unaofungwa. Enoch alikuwa hatua chache kutoka kwangu, nikamsikia tu.

Redio yetu ya upepo betri yake ilikuwa imechoka. Ilipokea, haikuweza kutuma. Nilibonyeza, nikaita, nikaita. Hakuna aliyejibu. Lakini kijiji tulikisikia chote. Walisema helikopta haiwezi kuruka. Walisema majina yetu. Si vizuri kusikia jina lako likisemwa namna ile.

Kisha tukamsikia Mama Piquk, mjane wa nahodha mkubwa, ambaye naye sasa amelala kule tunakompeleka Rhoda. "Washeni moto hapa kijijini, pale unapowashwa siku zote. Mnangoja nini?"

Na sauti ya Rhoda. "Mama Piquk, kwa heshima yako, moshi wa kijijini hautawafikia. Mimi niko Ncha. Upepo umegeuka."

"Haujageuka. Nimesimama mlangoni kwangu."

"Huko unagonga nyumba. Hapa unafika kama ulivyo. Moshi wenu utalala pwani, uende magharibi. Wao wako mbele ya Ncha. Na barafu iliyokwama chini mpaka mchangani ni ya hapa tu. Wakitokea kwingine, ukingo utawasaga."

"Nani kakuambia hayo?"

"Upepo."

"Upepo! Mke wa nahodha anakaa nyumbani, mikono mapajani, kimya! Wewe unazurura na vichupa vyako, nyangumi anakutazama. Sasa haya ndiyo matunda yake!"

Luther alinitazama, nami nikatazama maji. Kisha Rhoda akasema, taratibu kabisa, "Wakirudi, Mama, mtanisema mpaka mchoke. Sasa nileteeni mafuta na matairi. Nawasha hapa."

Sauti ya kijana ikaingia. "Shangazi, si umekataza mashine huko?"

"Nani huyo?"

"Harvey."

"Harvey, kila mwaka nakufukuza hapa. Leo njoo. Pita mbele ya bomba. Piga na honi yako."

"Ukungu huu, Shangazi, mkono wangu siuoni. Nitakuja, lakini nitachelewa."

"Basi naanza na nilichonacho."

Pale Ncha bomba liko kwenye ukingo kabisa. Nyuma yake ni bahari. Pa kuwasha moto ni mbele yake tu, upande unakotoka upepo. Moshi wowote lazima upite mdomoni mwa bomba kabla haujafika kwetu. Alilijua hilo. Nasi tulilijua.

Akasema tena, na safari hii alikuwa anasema na mimi. "Wyman. Sijui kama unanisikia. Naanza kuchoma. Fuata harufu. Usifuate kitu kingine chochote."

Redio ikafa.

Enoch akauliza, "Baba, mama anachoma nini? Pale hakuna kitu."

Luther ndiye aliyejibu. "Pana njia ya mbao. Na pana ghala lenu, lile shimo la barafu la kuwekea nyama, lina shahamu ya nyangumi wa mwaka jana."

Barafu yetu ikapasuka, nusu ikaondoka na hema. Tukashusha mtumbwi.

Nilitoa dira. Luther akauliza, "Inasemaje, shemeji?"

"Inazunguka."

"Imelewa. Kijijini pombe imepigwa marufuku, yeye kaipata wapi?"

Wenzetu wakacheka, cheko fupi. Huku kwetu, kaskazini kabisa mwa dunia, dira hupotea, ni ya kuwaonyesha wageni tu. Tukapiga makasia, upepo usoni. Lakini katika ukungu upepo nao hudanganya. Huenda ulikuwa umegeuka tena, na tunapiga makasia kuelekea bahari kuu. Ngozi ya mtumbwi ilikuwa imechubuliwa na barafu, maji yanaingia kwenye mshono. Mmoja aliyakomba kwa sufuria ya chai.

Ndipo tukasikia mbwa. Mbwa wa kijijini, wanabweka, mkono wa kushoto, karibu kabisa.

Luther akaacha kupiga kasia. "Kijiji kile. Kata kushoto."

Nikasema, "Hapana."

"Shemeji, ni mbwa! Mbwa hawaishi baharini."

"Amesema harufu."

"Harufu gani? Mimi nanusa soksi za Enoch."

Wote walinitazama. Enoch pia. Mtumbwi ulizunguka kidogo, taratibu, peke yake. Kama ningesema kushoto, wangekata kushoto bila neno. Nilikuwa nahodha. Nilitamani kusema kushoto. Mbwa nilikuwa nawasikia kwa masikio yangu. Harufu sikuwa nayo. Nilikuwa na neno la mke wangu tu, na neno lenyewe lilipita kwenye redio inayokufa.

Nikasema, "Tungoje."

Luther akasema, "Tukizama, nitakwenda kumshtaki dada yangu kwa mama yetu huko juu." Lakini hakuligusa kasia. Tukangoja. Maji yakapanda mpaka vifundoni. Aliyekuwa anakomba alikomba haraka zaidi. Mbwa wakanyamaza, wakabweka tena.

Kisha nikaipata. Upepo wa pale Ncha, tangu nizaliwe, haukuwa na harufu. Ni upepo usiokuwa na kitu. Sasa ulikuwa na mafuta ndani yake. Shahamu iliyoungua na mbao zenye rangi. Luther aliinua pua kama mbwa.

"Shemeji," akasema, "mke wako anapika nini?"

"Kazi yake," nikamwambia. "Pigeni makasia."

Tuliifuata. Ikipungua tulirudi nyuma, ikizidi tulikwenda. Baadaye ilichanganyika na mpira unaoungua, tukajua Harvey amefika. Kisha tukasikia honi. Ndefu, fupi, ndefu. Ile ile ya kumuudhi shangazi yake. Mtumbwi uligonga barafu iliyokwama, imara kama sakafu ya kanisa.

Juu pale palikuwa peusi. Njia yote ya mbao haikuwepo. Rhoda alikuwa amesimama kando ya moto, uso mweusi, nyusi zimeungua, uso kwa upepo kama siku zote. Hakukimbia kuja. Nilimwendea, nikamshika mabega. Ndipo nikasikia anapumua. Sijui alikuwa ameizuia pumzi ile tangu saa ngapi.

Akamtazama Luther na Enoch na wale wanne, halafu akaniambia, "Umeloa miguu. Nenda nyumbani."

Kule mbwa walikokuwa wanabweka, kesho yake tulikwenda kutazama. Ukingo wote ulikuwa umesagwa, vipande vimelaliana juu kupita paa la nyumba. Mama Piquk alikuja nasi, akasimama pale muda mrefu. Jioni alileta nyumbani kwetu sehemu ya mkia wa nyangumi, ile anayopewa mtu wa heshima, akaiweka mezani, akatoka.

Siku ya tatu simu ililia. Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Bwana Halvorsen alikuwa anapiga kelele, nikamsikia kutoka kwenye kiti changu. "Rhoda! Mstari umepanda mpaka nje ya karatasi! Kila gesi! Chombo kimeharibika?"

"Chombo ni kizima," akasema. "Huyo ni mume wangu anarudi."

Akamweleza. Halvorsen alikuwa mtu mzuri, lakini wakubwa wake walikuwa na wakubwa wao. Ozoni mwaka ule ilitoweka na kurudi, na hakuna aliyeipima. Kibanda kilifungwa mwezi wa Juni. Walikuja watu wawili, wakabeba mashine, wakaweka kufuli.

Mwaka mzima Rhoda aliendelea kwenda. Siku yake ya chupa ikifika huvaa, hutoka, hutembea mpaka Ncha, husimama uso kwa upepo mikono mitupu, hurudi. Hakulia. Nilimwuliza mara moja kama anajuta. Alinitazama kwa hasira, akaniambia nisirudie swali hilo mpaka afe. Sijalirudia.

Majira yaliyofuata manahodha walikutana hapa kanisani. Harvey, ambaye hakuwa nahodha, alisimama wa kwanza, akasema maneno machache. "Sisi tumewahi kuokolewa na kibanda kile. Basi na sisi tukiokoe." Waliahidi kwa mikono juu kwamba hakuna mashine itakayopita tena upande wa upepo safi, iwe msimu wa nyangumi, iwe harusi, iwe msiba. Wakamwita Halvorsen. Alikuja mwenyewe. Alipewa maktak, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, akatafuna mpaka masikio yakasogea, akasikiliza kila mtu. Vuli ile kufuli lilifunguliwa.

Vijana walijenga njia mpya kwa magogo yaliyoletwa na bahari, Harvey msimamizi. Rhoda akapanda bendera mbili nyekundu kando yake, moja kabla ya bomba na moja baada yake. Zile mnazoziona mpaka leo. Alizipima kwa pumzi yake mwenyewe. Alisimama mahali, akavuta, akatembea mwendo wake wa kawaida, na alipolazimika kupumua ndipo akachomeka ya pili. Akawaambia watu, anayekwenda makaburini kwa njia fupi, maana nayo inapita pale, apite kwa miguu, na kati ya bendera azuie pumzi. Watoto wa kijiji wamekua wakishindana pale. Wakishindwa huanguka kwenye theluji na kucheka. Yeye hakushindwa kamwe.

Mpaka Oktoba 2016. Tulikuwa tunakwenda kufagia kaburi la mama yake. Kati ya bendera alisimama. Akapumua. Nilimsikia. Akageuka akanitazama, wala hakuwa na haja ya kusema, kwa maana tulijua sote wawili kipimo kile hakidanganyi.

Hospitali walisema mapafu yanakuwa magumu na hayatarudi. Siku ya kupigwa picha ya kifua muuguzi alimwambia, "Vuta pumzi, izuie." Akaizuia. Picha ikaisha. Muuguzi akaandika, akageuka, Rhoda bado. "Bibi! Pumua! Tumeshamaliza!" Rhoda akaonyesha kwa kidole dirisha, halafu mlango. Mimi nilielewa. Alitaka kuambiwa kwanza upepo unatoka wapi. Muuguzi alitishika, Rhoda akacheka mpaka akakohoa. Tulirudi nyumbani siku hiyo tumeshikana mikono. Hatukuwa na mazoea hayo.

Alimfundisha Nettie, binti wa Harvey, kazi yote, na Januari 2018 akamkabidhi funguo. Mwaka wa mwisho alikuwa na mtungi wa oksijeni. Alimtesa aliyeuleta. "Hewa hii imetoka wapi? Majira gani? Nani alikuwa amesimama karibu?" Wiki za mwisho alikaa dirishani. Jua liliporudi mwezi wa kwanza alilitazama. Kila jioni Nettie alipitia kwetu, na Rhoda aliuliza neno moja tu, "Ipo?" maana yake ozoni. Nettie hujibu, "Ipo, Bibi." Tarehe 27 Februari 2019 Nettie alikuja adhuhuri, hata viatu hakuvua.

"Ipo?"

"Imeanza kutoweka, Bibi."

"Usiwaruhusu wakuchafulie," akasema. "Hata mimi."

Alifariki mchana huo huo nyumbani, mkono wake mkononi mwangu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili.

Marehemu ameacha mume, Wyman, mwana, Enoch, na mkewe Bessie, binti, Lena, kaka, Luther, ambaye bado anasema atamshtaki, wajukuu watano, akiwemo Alda anayewasomea, na mtoto mchanga wa Alda, aliyezaliwa juzi, ambaye tumempa jina la Siqiniq. Kwa hiyo amerudi. Tutamwita anavyostahili.

Sasa ombi langu. Nettie alikuja jana kuniuliza kama azime bomba leo, kwa kuwa mazishi ni watu wengi na upepo unatoka upande wa makaburi. Nimemwambia asizime. Majira yenyewe ndiyo haya. Mwaka 1991 Rhoda aliutoa mstari wake kwa ajili yangu. Siutoi mara ya pili.

Kwa hiyo kaburi limechimbwa kwa sululu, bila mashine. Vijana, mikono yenu nimeiona, Mungu awalipe. Jeneza litavutwa kwa sleji, lile gari la kuteleza juu ya theluji, kwa kamba, kwa njia yake ya magogo. Sigara zibaki hapa. Bunduki za heshima zibaki hapa. Kilio kibaki hapa mpaka tuvuke, na wewe Luther utani wako pia. Tukifika bendera ya kwanza kila mtu avute pumzi, aizuie, atembee mwendo wa kawaida. Wazee wasioweza wazunguke kwa juu ya ziwa lililoganda, hakuna atakayewacheka. Mimi nitajaribu.

Kesho Nettie atautazama mstari. Nataka asione kitu. Asione kwamba mtu alipita pale leo, wala kwamba sisi tulikuwa nyuma yake.

Tukivuka bendera ya pili, pumueni. Lieni sasa. Na yeye apumzike kwa amani, uso kwa upepo, kama alivyosimama siku zote.